Wanawake Wataalamu wa Bahari na Uongozi

Wekeni kalamu chini kwanza, msikilize. Kuandika kutakuja mwishoni.

Somo la leo ni hili: binti aliyesomea sayansi ya bahari asaidiwe namna gani hata awe kiongozi katika kazi yake?

Sayansi ya bahari ni elimu ya maji ya bahari, samaki, mwani, matumbawe, mikondo, na sakafu ya bahari. Unguja iko Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1978. Lakini kusoma ni jambo moja, na kuongoza ni jambo jingine. Kiongozi ndiye anayeamua safari iende wapi, kipimwe nini, na fedha zitumikeje.

Je, jambo hili latuhusu? Latuhusu sana. Huko Unguja wakulima wa mwani walio wengi ni wanawake. Maji yakizidi joto, mwani huharibika, na mapato ya nyumbani hupungua. Wanaoamua mambo ya kuchunguzwa wakiwa wanaume watupu, tabu ya mama huyu yaweza kusahauliwa. Wazee walisema: asiyekuwapo na lake halipo.

Sasa sikilizeni mifano miwili kutoka Marekani.

Bibi Marie Tharp alikuwa mtaalamu wa miamba. Katika miaka ya 1950 alichora ramani ya sakafu ya Bahari ya Atlantiki. Meli zilipima kina kwa mwangwi wa sauti, na vipimo vikaletwa mezani kwake. Yeye mwenyewe hakuruhusiwa kupanda meli hizo, kwa sababu ni mwanamke. Ikawa hivyo mpaka miaka ya 1960. Hata hivyo aliona jambo kubwa. Katikati ya bahari ile mna safu ndefu ya milima, na juu ya safu hiyo umepita ufa, mfano wa Bonde la Ufa letu la Afrika Mashariki. Mwenzake, mwanamume aliyekuwa akienda baharini, hakumsadiki mwanzoni. Baadaye ikathibitika kuwa ni kweli. Lakini katika baadhi ya makala za kwanza zilizotangaza habari hizo, jina la bibi huyu halikuwamo. Akili alikuwa nayo, nafasi hakupewa.

Wa pili ni Bibi Sylvia Earle, mtaalamu wa mwani. Mwaka 1964 alisafiri katika Bahari ya Hindi kwa meli ya utafiti iitwayo Anton Bruun, mwanamke peke yake kati ya wanaume 70. Gazeti moja la Mombasa liliandika habari zake, na kichwa cha habari kilisema juu ya wale wanaume 70, wala si juu ya kazi yake. Mwaka 1969 aliomba kwenda kuishi na kufanya utafiti katika nyumba iliyowekwa chini ya bahari. Akakataliwa, ingawa alikuwa amekwisha fanya utafiti chini ya maji kwa saa zaidi ya 1,000. Mwaka uliofuata akapewa kuongoza kikosi cha wanawake watano, naye akiwa mmoja wao. Wakaishi humo majuma mawili. Mwaka 1990 akawa mwanamke wa kwanza kuwa mwanasayansi mkuu wa idara ya serikali ya Marekani inayoangalia bahari na hali ya hewa.

Angalieni vizuri: hakuanza na cheo kikubwa. Alianza kwa kuongoza watu wanne kwa majuma mawili.

Basi, tufanye nini sisi?

Kwanza, mkuu wa kazi ampe binti safari ndogo aiongoze mwenyewe. Asimweke siku zote kuosha chupa na kuandika vipimo vya wengine.

Pili, jina lake liandikwe juu ya kazi aliyoifanya.

Tatu, mtaalamu mzee amwonyeshe jinsi ya kuomba fedha za utafiti, kama zile zinazotolewa na WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari kilichoanzishwa mwaka 1993, chenye makao yake Unguja.

Nne, manahodha na wavuvi wamfundishe pepo za kusi na kaskazi, na maji ya bamvua. Elimu hiyo haimo yote vitabuni.

Tano, jamaa nyumbani wamlelee mtoto anapokuwa safarini. Baba na mume wasimwambie, “Bahari si mahali pa mwanamke.” Mama zetu wamo majini kila bamvua wakivuna mwani, na hakuna anayewaambia hivyo.

Sasa chukueni kalamu. Andikeni maneno haya: utafiti, usukani, nafasi. Kisha jadilianeni:

1. Kwa nini jina la Bibi Tharp liliachwa?
2. Katika kijiji chenu, ni nani awezaye kumsaidia binti wa namna hii, na kwa njia gani?

Kwaherini, mabibi na mabwana, mpaka somo lijalo.