MBWA HUFUNZWA NA MBWA MWENZAKE
Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Katika vijiji vya Shinyanga na Geita mbwa ni mlinzi wa zizi na msaidizi wa mchungaji, na pengine hulinda ghala la chama. Wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walianzisha vyama vyao katika miaka ya 1950 ili waepukane na mizani ya hila ya wanunuzi. Ghala ni mali yao. Basi mbwa asiyeweza kupambanua kati ya mwizi wa usiku na mwanachama aletaye pamba mchana si mlinzi, bali ni hasara: humwuma mwenye mali.

Wengi hudhani kwamba ili mbwa awe mkali hapana budi atwaliwe angali ananyonya, afungwe peke yake, asizoeane na yeyote. Fikira hiyo ni potofu. Mbwa aliyelelewa hivyo huwa mwoga, na mbwa mwoga ndiye aumaye ovyo.

Yafaa ieleweke jinsi mbwa apatavyo adabu. Mtoto wa mbwa hufumbua macho afikishapo majuma mawili hivi. Tangu juma la 3 hadi kama la 12, akili yake huwa tayari kupokea mafunzo ya kuishi na wengine. Achezapo na ndugu zake huwang'ata. Akizidisha, aliyeng'atwa hulia na kuuacha mchezo. Hivyo hujifunza kipimo cha meno yake. Akimsumbua mama wakati wa kuachishwa ziwa, mama hunguruma, au humbana kidogo bila ya kumjeruhi.

Mbwa mzima naye, akiwa na adabu, hana haraka ya kuuma. Kwanza hugeuza uso, kisha hukaza mwili, hufunua meno, hunguruma. Mtoto aliyekulia miongoni mwa wakubwa huzijua ishara hizo, huzitii, na baadaye huzitumia mwenyewe. Aliyekulia peke yake huenda asijue kuonya. Akaanza kwa kuuma.

Hata kazi hujifunzwa kwa kutazama. Mwaka 1997 watafiti Slabbert na Rasa walieleza habari za mbwa wa polisi wa Afrika Kusini. Watoto waliowaona mama zao wakitafuta dawa za kulevya, tangu majuma 6 hadi 12 ya umri, walipojaribiwa wakiwa na miezi 6 waliifanya kazi hiyo vizuri kuliko wenzao wasioona. Mchungaji amwachaye mtoto wa mbwa amfuate mbwa mkongwe nyuma ya ng'ombe hufuata njia hiyohiyo.

Lakini mfano mbaya nao hufunza. Mbwa akimbizaye mbuzi hupata wanafunzi upesi. Kwa hiyo, chama au kaya itakayo mlinzi mwema izingatie haya:

Kwanza, mtoto wa mbwa asitengwe na mama na ndugu zake kabla ya majuma 8.

Pili, apelekwe mahali penye mbwa mzima aliye mtulivu, ambaye hushtuka penye sababu na hunyamaza akiamriwa. Mbwa mwenye tabia mbaya asifanywe mwalimu.

Tatu, azoezwe mapema kuona watu, watoto, mifugo na magunia yakipakiwa. Mbwa hawezi kumfunza mwenzake yote. Sehemu ya binadamu ibaki kwa binadamu.

Nne, kwa kuwa mbwa wakaao pamoja huambukizana, wote wapatiwe chanjo ya kichaa cha mbwa kwa maelekezo ya Afisa Mifugo. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ileile. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili, kupona ni nadra mno.

Waswahili husema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Katibu akabidhiwapo mtoto wa mbwa kwa ajili ya ghala, asiulize tu kama ni mkali. Aulize alikaa na mama yake majuma mangapi, na mbwa gani atakayemlea. Mwanachama aliyebeba pamba yake kutoka shambani anastahili kufika kwenye mizani bila ya hofu.