Dawa ya Sukari na Sheria ya Minnesota

(Maneno tuliyowaambia ndugu zetu wa Afrika ya Mashariki wakaao katika jimbo la Minnesota, Marekani.)



Twawashukuru kwa kuja, hasa ninyi mliotoka zamu ya usiku na usingizi bado u machoni. Leo hatukuja kusema siasa za nyumbani. Tumekuja kusema habari ya kichupa kimoja cha dawa.

Wako kati yetu wenye ugonjwa wa sukari ambao, ukifika mwisho wa mwezi, huipunja miili yao. Aliyeandikiwa vipimo ishirini vya insulini hujipiga kumi. Akiulizwa, husema, "Nimepata nafuu kidogo." Hana nafuu, fedha zimekwisha. Jambo hili twalijua, maana tumelala nalo nyumbani mwetu, na tumelificha kana kwamba tumeiba.

Insulini si chumvi, useme leo nitatia kidogo. Mtu ambaye mwili wake hauitengenezi kabisa, akiikosa kwa siku chache damu yake huchachuka, naye hufa.

Dawa hii ilipatikana Toronto, nchi ya Kanada, mwaka 1921. Banting, Best na Collip waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto haki yao kwa dola moja kila mtu, isiwe mali ya tajiri mmoja. Baada ya miaka mia, karibu insulini yote iuzwayo Marekani ilikuwa mikononi mwa makampuni matatu: Eli Lilly, Novo Nordisk na Sanofi. Twauliza, ile dola moja ilipotelea wapi?

Alikuwako kijana wa papa hapa Minnesota, Alec Smith. Alipotimiza miaka 26 alitoka katika bima ya mama yake, maana umri huo ndio mpaka. Akaambiwa dawa na vifaa vyake vya mwezi ni kama dola 1,300. Kazi alikuwa nayo, tena ya usimamizi mkahawani. Hakuwa mvivu wala mzururaji. Akaanza kuipunguza dawa kimya kimya, kama tufanyavyo sisi. Mwezi haukwisha. Alifariki Juni 2017.

Mama yake, Nicole Smith-Holt, hakubaki na msiba wake ndani. Alikwenda kwenye baraza la jimbo pamoja na wazazi wengine na wagonjwa wenyewe. Mwaka 2019 mswada ukaanguka. Wakarudi. Aprili 2020 Gavana Tim Walz akatia sahihi sheria yenye jina la marehemu, ikaanza kazi tarehe 1 Julai. Jioni ya kuamkia siku hiyo chama cha wenye viwanda vya madawa kikaenda mahakamani, kikidai mali yao inachukuliwa bila malipo. Mali! Na kijana yule alikuwa mali ya nani?

Sheria hiyo iliandikwa hivi. Aliyebakiwa na insulini ya siku zisizofika saba, mwenye cheti cha daktari na kitambulisho cha jimbo au leseni ya gari, aende duka la dawa, ajaze fomu, apewe dawa ya siku 30 kwa malipo yasiyozidi dola 35. Yule ambaye mapato yake hayazidi mara nne ya kipimo cha umaskini cha serikali aweza kuomba msaada wa mwaka mzima, na kampuni ikikataa kutoa hutozwa faini inayoanzia dola 200,000 kwa mwezi. Wale waliomo tayari katika matibabu ya serikali ya jimbo hawahusiki. Hao wana njia yao. Sheria iliuliza ukaaji, haikuuliza uraia. Neno hili tumelirudia makusudi, kwa sababu wengi wetu huogopa fomu kuliko ugonjwa.

Colorado ilitangulia mwaka 2019, ikaweka kikomo cha dola 100 kwa mwezi, lakini hiyo ilimfaa mwenye bima tu. Asiye na bima alibaki pale pale mlangoni. Ndiyo maana twaisifu hii ya Minnesota, ingawa nayo ni ya insulini peke yake. Mgonjwa wa presha asidhani tumemwita bure: asikate vidonge vyake vipande bila kumwambia daktari wake kwamba bei imemshinda. Daktari aweza kujua dawa nyingine ya bei nafuu, lakini hawezi kulijua lile usilomwambia.

Fomu ziko pale mezani karibu na mlango. Kiingereza chake ni kizito. Wawili wetu watakaa mpaka saa nne za usiku kumsomea kila anayetaka. Aliyebakiwa na dawa ya siku chini ya saba na aje kwanza.