Chupa Nyeupe ya Kilwa na Mzigo wa Mpagazi



Tangazo la mhadhara huu lilipotoka, wapo walioguna: kauri za China na Tabora, wapi na wapi? Wameuliza vizuri, na nitawajibu.

Mwanaakiolojia Neville Chittick, alipochimba magofu ya Kilwa Kisiwani miaka ya 1960, alipata katika jumba la Husuni Kubwa chupa ya kauri ya mwanzoni mwa karne ya 14. Ni ya aina ambayo Wachina huiita qingbai. Chombo cha namna hii ni cheupe, lakini kiinamishe kidogo kwenye mwanga utaona samawati hafifu pale maji ya kioo yalipotuama, hasa shingoni na kwenye mikwaruzo ya nakshi. Samawati hiyo ni chembe ya chuma iliyopikwa katika tanuri iliyonyimwa hewa, kwa joto la karibu nyuzi 1,300. Mama zetu wafinyanzi huchoma vyungu kwa kuni na majani mahali pa wazi, na moto huo haukaribii joto hilo. Udongo mweupe tunao, tena mwingi, pale Pugu nje kidogo ya Dar es Salaam. Tulichokosa ni tanuri.

Pwani walivipenda vyombo hivi hata wakavipachika makaburini. Nenda Kaole, karibu na Bagamoyo, utazame nguzo za makaburi: matundu ya duara yalikokaa mabakuli yapo hadi leo. Na ni Kaole hiyohiyo ambako wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke waliondoka Juni 1857, wakafika Kaze, yaani Tabora hapa tulipo, Novemba 7. Njia ilianzia mlangoni pa kauri. Kwa nini basi kauri haikuipanda?

Jibu la haraka ni miaka. Misafara ya Wanyamwezi ilianza kuteremsha pembe za ndovu pwani yapata mwaka 1800, na chupa ya Kilwa wakati huo ina umri wa karne tano. Lakini jibu hilo halinitoshi, kwa sababu karne ya 19 sahani za Ulaya, zikiwemo za Maastricht, zilijaa Unguja na bado hazikuwa bidhaa ya safari.

Tumtazame mpagazi. Begani ana frasila mbili, kama kilo 32, na mbele yake miezi ya kutembea. Mtumba wa merikani, kitambaa cha pamba, ukitumbukia mtoni utaanikwa ukauke. Shanga zikimwagika zitaokotwa. Masango, yaani nyaya, yakipinda yatanyooshwa. Kisha kuna hongo, yaani ushuru wa njia: ukifika Ugogo unakata doti kadhaa za kitambaa, unampa mtemi, unapita. Sahani huwezi kuikata nusu. Bidhaa ya njia hii ilikuwa pia fedha ya njia hii, na kauri haina chenji.

Hata matajiri walilijua hilo. Msafiri Stanley alipofika hapa mwaka 1871 alikuta kwa Waarabu wa Tabora mazulia ya Kiajemi, vyombo vya fedha vya chai na kahawa, sinia za shaba zilizopakwa bati. Vyombo hivyo vyote ni vya madini, na madini yakianguka hubonyea tu.

Wapo wenzangu wanaopima ustaarabu wa mji kwa wingi wa vigae vya China. Mizani hiyo siikubali. Kilwa ililetewa kauri na jahazi na upepo wa kaskazi. Tabora ililetewa bidhaa kwa mabega ya watu, na watu hao walijua kuchagua.

Linalonikera ni jinsi sheria inavyoyatazama masalia ya uchaguzi huo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakitambua kifaa kuwa cha kale kikiwa kimetengenezwa kabla ya 1863. Chupa ya Kilwa inalindwa bila maswali. Kigae cha sahani kutoka tembe la mwaka 1875, ushanga, kipande cha sango, vitu vilivyopita hapa mtemi Mirambo akiwa hai, vinabaki nje ya mstari huo, na jembe linavifukua kila msimu wa kulima.

Naiomba Wizara inayosimamia mambo ya kale iusogeze mbele mwaka huo. Nanyi wakulima wa Kwihara na Itetemia, mkiokota kigae shambani msikitupe: andikeni mahali kilipopatikana, mkipeleke makumbusho ya Kwihara.