Mtegemea cha Nduguye

Maneno ya mazungumzo kwa wakulima, wachuuzi na vijana wa Bukura, Kakamega



Mazungumzo haya ni juu ya swali moja tu, nalo ni hili: mahali palipoanguka huinuliwa na nani? Wako wasemao kwamba ni kazi ya Serikali. Wengine husema ni kazi ya tajiri atakayekuja na kiwanda. Majibu hayo yote mawili yana sehemu ya kweli, lakini hayatoshi, na habari za Kakamega yenyewe zashuhudia kwamba hayatoshi.

Mwaka 1931 dhahabu ilipatikana katika nchi ya Kakamega. Wageni wakaja mbio kutoka kila upande, migodi ikachimbwa, na wenyeji wengi wakapata mshahara huko. Lakini dhahabu haioti tena kama mahindi. Miaka ya 1950 mgodi mkubwa wa Rosterman ukafungwa, wageni wakafunga mizigo yao, na mashimo yakabaki kwa wenyeji.

Kisha ikaja miwa. Kampuni ya sukari ya Mumias iliundwa mwaka 1971, na mwaka 1973 kiwanda kikaanza kutoa sukari kwa biashara. Hapana haja ya kuwaeleza watu wa sehemu hizi mema yaliyoletwa na kiwanda kile. Watoto walisomeshwa kwa miwa, nyumba za mabati zilijengwa kwa miwa, na mwenye duka alimkopesha mkulima bila wasiwasi, akijua kwamba fedha ya miwa itakuja. Lakini Septemba 2019 benki iliyokuwa ikikidai kiwanda ikaweka msimamizi wa kukishika kwa ajili ya deni, na baadaye kikakodishwa kwa kampuni nyingine. Mkulima aliyekuwa ametoa shamba lake lote kwa miwa, asiache hata kipande cha mahindi na maharagwe, alijikuta hana fedha na hana chakula. Huyo hakuwa mvivu. Kosa lake lilikuwa kuweka maisha yake yote katika mkono mmoja, tena mkono usio wake. Ndiyo maana wahenga walisema: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Msidhani kwamba mambo kama haya huwapata watu wa Afrika peke yao. Katika Scotland, upande wa kusini, karibu na mpaka wa Uingereza, uko mji mdogo uitwao Langholm. Wenyeji wake ni kiasi cha elfu mbili na kitu tu, hata kuna masoko mengi ya Kakamega yanayokusanya watu zaidi ya hao kwa siku moja. Tangu zamani mji huo uliishi kwa kufuma nguo za sufu. Viwanda vilisimama kandokando ya mito, na baba alimwachia mwanawe kazi ile ile. Kisha nguo za bei nafuu zikaja kutoka nchi nyingine, viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine, na vijana wakaanza kuondoka kwenda kutafuta kazi katika miji mikubwa. Mlio wa mashine ukanyamaza kama ulivyonyamaza Mumias.

Watu wa Langholm walikuwa na chama chao cha maendeleo kilichoanzishwa mwaka 1994. Mwaka 2019 bwana mmoja mwenye ardhi nyingi, Duke wa Buccleuch, alitangaza kuuza sehemu ya milima iliyo juu ya mji. Watu wa chama wakakutana wakasema, ‘Ardhi hii twaitazama kila siku tangu kuzaliwa kwetu, kwa nini isiwe yetu?’ Waliposema hivyo hawakuwa na fedha. Bei ya ardhi yote, kiasi cha eka 10,500, ilikuwa zaidi ya pauni milioni sita, na fedha hizo ni nyingi mno kwa mji mdogo.

Sasa sikilizeni jinsi walivyofanya, maana hapo ndipo penye fundisho. Waliomba michango, na watu maelfu wakatoa, wengine kidogo kidogo, wengine wasiopata kuuona mji ule kwa macho. Mfuko wa ardhi wa Scotland, ambao fedha zake hutoka kwa Serikali, ukawapa pauni milioni moja. Hata hivyo fedha hazikutosha kununua ardhi yote. Hawakuvunjika moyo wala hawakurudisha michango wakarudi kulala. Walikubaliana na mwenye ardhi kununua nusu kwanza: eka 5,200 kwa pauni milioni 3.8, na mwaka 2021 ardhi ikawa mali yao. Kisha wakaanza tena kuchanga, na mwaka 2022 wakanunua eka 5,300 zilizobaki kwa pauni milioni 2.2. Leo milima ile ni hifadhi ya Bonde la Tarras. Miti ya asili inapandwa, matope ya zamani ya milimani yanatunzwa, na wageni huja kutembea. Mji haujawa tajiri, lakini una kitu chake mkononi, na hakuna wa nje awezaye kukifunga kwa barua moja.

Angalieni pia kwamba Serikali ilisaidia, lakini iliwasaidia watu waliokwisha kusimama. Atoaye msaada hupenda kwanza kuona mzigo umeinuliwa kutoka ardhini, ndipo atie mkono wake.

Huenda mtu akasema, ‘Hayo ni ya Wazungu wenye pauni. Sisi je?’ Basi na aende mashariki ya mji wa Kakamega, kwenye ukingo wa Msitu wa Kakamega. Msitu huo ni sehemu iliyosalia ya misitu mikubwa ya mvua iliyotoka upande wa Kongo. Kwa miaka mingi wanakijiji wa karibu walikuwa na shida mbili zinazopigana. Shamba ni dogo na watoto ni wengi, kwa hiyo mtu huingia msituni kukata kuni, kuchoma makaa na kuchuma dawa. Lakini msitu ukiisha, mvua na maji navyo huharibika, na njaa huwa kubwa kuliko ya kwanza. Kumkataza mtu kwa askari peke yake hakumshibishi.

Mwaka 1997 wakulima wa huko waliunda chama, Muliru Farmers Conservation Group. Hawakutafuta mmea wa ajabu kutoka ng’ambo. Walichukua aina ya kivumbasi, kichaka chenye harufu kali ambacho wazee walikuwa wakikitumia tangu zamani kwa mafua na kuumwa na wadudu, wakakipanda katika mashamba yao wenyewe badala ya kukichuma msituni. Wataalamu wa icipe, kituo cha uchunguzi wa wadudu kilichoko Nairobi, pamoja na Chuo Kikuu cha Nairobi, wakawasaidia kupima mmea na kutengeneza njia ya kukamua mafuta yake. Majani huvunwa, hupelekwa kwenye kiwanda kidogo kilicho karibu na msitu, na mafuta hutolewa kwa mvuke. Kutokana na mafuta hayo hufanywa dawa ya kupaka iitwayo Naturub. Sehemu ya mapato hutumika kwa kulinda msitu. Mwaka 2010 chama hicho kilipewa Tuzo ya Ikweta, ambayo Umoja wa Mataifa huwapa watu wa vijijini wanaotunza mali ya asili huku wakijipatia riziki.

Katika habari hii kuna mambo matatu ya kushika. La kwanza, walianza na kitu walichokuwa nacho na walichokijua. La pili, waliita elimu ije iwasaidie, wala elimu haikuja kuwatawala. La tatu, yafaa kusemwa bila kificho: biashara hiyo nayo ina taabu zake. Dawa ya kupaka yahitaji wanunuzi, na wanunuzi hawaji kwa sababu mwenye shamba ni mwema. Ndiyo maana hata mkulima wa kivumbasi hana budi kuwa na mahindi yake na kuku wake, asije akabadilisha kiwanda kimoja kwa kingine.

Sasa turudi Bukura. Hapa pana neema ambayo sehemu nyingine hazina. Tangu miaka ya 1920 mahali hapa pamekuwa shule ya kilimo, na leo ni chuo kilichothibitishwa kwa sheria ya mwaka 1999. Vijana kutoka kila pembe ya Kenya huja kujifunza hapa namna ya kutunza udongo, ng’ombe na mboga. Je, itakuwaje mgeni atoke mbali aje kuchota maji ya kisima, na mwenyeji aliye mlangoni afe kwa kiu? Mlango wa kuuliza ni wazi kwa mtu aendaye na swali.

Lakini kabla ya kuuliza, wekeni nyumba yenu sawa. Vyama vingi vimekufa mapema, wala havikuuawa na umaskini. Viliuawa na sanduku la fedha lisilo na hesabu: mwenyekiti hujua peke yake kilichomo, wengine hunung’unika njiani, na mwisho kila mtu hujiondoa na dukuduku lake. Mali bila daftari huisha bila habari. Chagueni mweka hazina anayeweza kuulizwa. Hesabu isomwe mbele ya watu wote, akina mama wakiwamo, maana mara nyingi ndio wanaolima na ndio wanaochanga. Kisha msingoje mpate fedha za jambo zima. Watu wa Langholm walinunua nusu.

Kiwanda kikiamka, vema. Miwa iuzwe, na mwenye haki alipwe haki yake. Lakini siku ya kikao kijacho, kabla mtu hajauliza habari za kiwanda, na aulizwe kwanza: ‘Katika shamba lako na katika chama chako, ni kitu gani kilicho chako mwenyewe?’