Kazi Isiyo na Mshahara Yaeda Chini

Katika Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu mkoani Manyara, wanaishi Wahadzabe, jamii ndogo inayokadiriwa kuwa na watu zaidi kidogo ya 1,000, ambao baadhi yao mpaka leo hupata sehemu kubwa ya chakula chao kutokana na nyama ya porini, asali, ubuyu, matunda na mizizi. Mjadala kuhusu maana ya kazi, ambao mijini huishia kwenye mshahara, cheo na kiinua mgongo, hupata sura nyingine ukipelekwa Yaeda Chini, ndani ya bonde hilo, kwa kuwa huko wapo watu wanaofanya kazi ngumu kila uchao bila mwajiri, bila ghala na bila kungoja kushukuriwa, na kazi hiyo bado ina heshima yake. Maoni haya yanashikilia kwamba heshima hiyo haitokani na moyo wa kuridhika peke yake. Ina misingi miwili inayoonekana kwa macho: haki ya kila mtu kula kilichopatikana, na uhakika wa ardhi ya kukitafutia.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni uchimbaji wa mizizi. Wanawake hutoka kambini kwa kundi, wazee kwa vijana, watoto wachanga wakiwa wamebebwa, kila mmoja akiwa na mti wake wa kuchimbia, ambao ni fimbo ngumu iliyochongwa ncha na kukazwa kwa moto. Mchimbaji hugonga ardhi kwa fimbo hiyo na kusikiliza mlio wake ili akadirie mzizi ulipo, kisha huketi chini akachokonoa udongo na kung'oa mawe moja baada ya jingine, mpaka aufikie mzizi wa ekwa, ambao huchomwa kidogo papo hapo, ukamenywa, ukatafunwa na makapi yake yakatemwa. Ekwa si chakula cha karamu, lakini hupatikana hata pale nyama na asali zinapoadimika, na kwa sababu hiyo ndiyo inayoshikilia maisha ya kambi.

Katika miaka ya 1980 wanaanthropolojia Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walianza kufuatilia kazi hiyo kwa makini, wakabaini jambo ambalo sayansi haikuwa imelipa uzito: wanawake wazee, waliokwisha kupita umri wa kuzaa, walikuwa miongoni mwa wachapakazi wakubwa kambini, na pale mama alipokuwa na mtoto mchanga wa kunyonyesha, ukuaji wa mtoto aliyemtangulia ulitegemea sana jitihada za bibi. Kutokana na uchunguzi huo ilizaliwa nadharia ya bibi, yaani hoja kwamba binadamu huishi miaka mingi baada ya uzazi kukoma kwa sababu, katika historia ndefu ya spishi yetu, bibi aliyetafuta chakula aliwawezesha wajukuu kuishi. Hoja hiyo bado inajadiliwa na wataalamu, lakini hata asiyeikubali hawezi kuukana ukweli ulioizaa. Bibi wa Kihadzabe anayechimba juani hajastaafu wala hajawa mzigo, na thamani ya kazi yake inaonekana katika mwili wa mjukuu wake.

Suala la shukrani linahitaji uangalifu zaidi. James Woodburn, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeanza kuishi na Wahadzabe mwishoni mwa miaka ya 1950, aliueleza uchumi wao mwaka 1982 kuwa wa tija ya papo kwa papo, maana yake ni kwamba jasho la leo huliwa leo au siku chache baadaye, tofauti na tija ya baadaye ya mkulima anayengoja mavuno au mfugaji anayekuza kundi. Katika uchumi wa namna hiyo mwindaji aliyeua mnyama mkubwa hatarajiwi kujigamba, na wanaopata mafungu yao ya nyama hawajioni kuwa na deni kwake, kwa kuwa fungu hilo ni haki yao. Mtu aliyelelewa kusema asante kwa kila apewacho anaweza kuuona mwenendo huo kuwa ukavu wa adabu, lakini hukumu hiyo ni ya haraka mno, kwani pale ambapo shukrani humfanya mpokeaji kuwa mdogo mbele ya mtoaji, kutodai shukrani ni njia ya kulinda utu wa wote wawili. Majirani zao Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu, wameifuata njia nyingine, kwani katika slufay, yaani utenzi wa baraka unaotamkwa na mzee huku hadhira ikimwitikia, jamii huombea ardhi, mvua, mifugo na watu kwa maneno yaliyopangwa kwa ustadi mkubwa. Njia zote mbili ni za kuthamini maisha, na hakuna sababu ya kuipima moja kwa kipimo cha nyingine.

Kazi hizi pia hutegemeana. Mhunzi wa Kidatoga, jamii jirani ya wafugaji, hufua misumari na vyuma chakavu kuwa vichwa vya mishale na visu, na Mhadzabe huvipata kwa kubadilishana na asali, hivyo chuma cha jirani huingia katika windo na asali ya porini huingia katika nyumba ya mfugaji. Asali yenyewe mara nyingi hupatikana kwa msaada wa kiongozi-asali, ndege anayemwongoza mtu hadi kwenye mzinga wa nyuki. Utafiti wa Claire Spottiswoode na Brian Wood uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba ndege hao wa nchi ya Wahadzabe huitikia zaidi mluzi wa Kihadzabe kuliko mlio unaotumiwa na Wayao wa Msumbiji.

Kwa muda mrefu dola haikuyahesabu haya yote kuwa kazi. Mwaka 1964 na 1965 serikali iliwakusanya Wahadzabe wengi Yaeda Chini ili wawe wakulima, lakini maradhi yaliwashika katika makazi hayo ya msongamano, baadhi wakafa, na baada ya muda mfupi wengi wakarudi porini. Nia ya kuwapatia shule na matibabu haikuwa mbaya, ila ilibebwa na dhana kwamba asiye na jembe hana kazi, na dhana hiyo iligharimu maisha.

Mabadiliko ya maana yalikuja kupitia sheria. Kwa kutumia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Wahadzabe wa Yaeda walipata mwaka 2011 hatimiliki ya kimila ya pamoja kwa takribani hekta 20,000, wakisaidiwa na shirika la Ujamaa Community Resource Team. Juu ya msingi huo ukajengwa mradi wa Carbon Tanzania wa biashara ya kaboni, ambao huuza kiasi cha hewa ukaa kilichozuiwa kuingia angani kwa miti kuachwa isimame, na mapato hurudi vijijini kulipa askari wa misitu wa kijiji, matibabu na elimu. Hata hivyo, wanyama wamepungua, mashamba yanasogea, na mifugo huingia wakati wa kiangazi, kwa hiyo sifa zinazomwagwa kwa maisha ya Wahadzabe bila kutaja mipaka ya ardhi yao hazimsaidii bibi mwenye fimbo.

Jambo moja bado halijapewa nafasi katika mipango ya maendeleo. Mluzi wa kumwita kiongozi-asali na sikio la kuutambua mzizi chini ya udongo hufunzwa porini na wakubwa, ilhali mtoto wa Kihadzabe anayesoma shule ya bweni hukaa mbali na walimu hao kwa miezi mingi ya mwaka. Mapato ya kaboni yanayogharamia elimu yanaweza pia kugharamia siku za kutembea na bibi na babu, zikapangwa ndani ya ratiba ya shule kama somo kamili, na bibi akalipwa kama mwalimu yeyote mwingine.