Mashine ya Kufulia Isiyotoa Maji: Kabla Hujamlipa Fundi

Mada iliyowasilishwa katika mkutano wa elimu kwa walaji



Nimeombwa nizungumze juu ya haki za mlaji anayekabidhi kifaa chake kwa fundi. Vifungu vya sheria nitavifikia, lakini nitaanza na hitilafu moja ambayo wengi wenye mashine ya kufulia wameionja. Mashine imefua, imefika mahali pa kumwaga maji, na maji hayatoki. Nguo zimelala ndani ya maji ya sabuni, mlango umejifunga, na kwenye kioo kidogo cha mbele zinawaka herufi zisizosomeka. Hapo mwenye mashine humpigia simu fundi wa kwanza anayemkumbuka, na fundi akisema, “Pampu imekufa,” yeye hana la kumjibu. Huenda kweli imekufa. Lakini pampu iliyoungua na pampu nzima iliyokwamishwa na sarafu ya shilingi 100 huonekana sawasawa machoni pa asiyejua kuchunguza: maji yamesimama, basi. Moja inahitaji kipuri kipya na ujira wa kukifunga. Nyingine inahitaji beseni, tambara na nusu saa yako.

Tuifuate njia ya maji. Katika mashine ya otomatiki, maji machafu hushuka kutoka kwenye pipa la kufulia, hupita kwenye chujio lililo chini, huingia kwenye pampu, kisha husukumwa kupanda kwenye mpira wa nyuma hadi kwenye bomba la majitaka. Yakikataa kutoka, yamezuiliwa katika mojawapo ya sehemu hizo, au pampu haipati umeme wa kuiendesha.

Kabla ya kugusa chochote, sikiliza. Chagua hatua ya kukamua peke yake, washa, na utege sikio karibu na sehemu ya chini. Ikiwa pampu inanguruma na maji hayatoki, ina umeme, ila kuna kitu kimeikwamisha au mpira umeziba. Ikiwa maji yanatoka kwa kudondoka, utazame mpira kwanza. Ikiwa kimya kabisa, bila hata mvumo, basi hapo maneno ya fundi kuhusu pampu au nyaya yana uzito. Zile herufi za kwenye kioo nazo zisikutishe. Mashine za LG huandika OE maji yanaposhindwa kutoka, na za Samsung huandika 5E au 5C kulingana na toleo. Herufi hizo zinasema tu kwamba maji hayajatoka kwa muda uliotarajiwa. Hazisemi kwamba pampu ni mbovu. Anayekuonyesha herufi hizo kama ushahidi wa kipuri kufa amekurukisha hatua kadhaa.

Kama umeme ulikatika katikati ya kufua, huenda hakuna hitilafu yoyote. Zipo mashine zinazoendelea zenyewe umeme unaporudi, na zipo zinazosubiri kubonyezwa. Mlango nao hubaki umefungwa dakika chache, na katika mashine nyingi hautafunguka maji yakiwa juu ya kizingiti chake. Usiulazimishe kwa bisibisi. Kitasa kilichovunjwa ni gharama nyingine uliyojiongezea.

Ukishasikiliza, zima swichi ya ukutani, chomoa plagi kwa mkono mkavu, na ufunge koki ya maji. Ikiwa sakafu imelowa hadi ulipo ukuta wenye swichi, kata umeme kwenye swichi kuu ya nyumba kwanza. Ikiwa ulikuwa unafua kwa maji ya moto, subiri yapoe. Maji ya nyuzi 60 hayana urafiki na ngozi.

Nimesema mpira utazamwe kwanza, na hapa nitakawia, kwa sababu nyumba zetu nyingi hazikujengwa kwa kuiwazia mashine ya kufulia. Mashine huwekwa penye nafasi, si penye bomba la majitaka, kisha mpira huungwa kwa mwingine mrefu, ukapitishwa dirishani au chini ya mlango hadi uani. Pampu hizi ni ndogo. Zimetengenezwa kuinua maji kwa kimo cha kawaida na kuyapeleka umbali mfupi. Ukiongeza mita kadhaa za mpira mwembamba, unaidai pampu kazi isiyokuwa yake. Siku za mwanzo itafanya, kisha utandu wa sabuni na nyuzi za nguo zitaupunguza upenyo wa mpira, na siku moja maji yatasimama. Chungulia pia nyuma ya mashine: mara nyingi mashine ilisogezwa ukutani wakati wa kufagia na mpira ukajikunja kama shingo ya kuku. Uunyooshe, ujaribu tena, na huenda mkutano wetu ukaishia hapo.

Kimo cha mpira kina kanuni yake, nayo hubadilika kwa aina ya mashine. Kwa mashine nyingi za otomatiki za mlango wa mbele, ncha ya mpira hutakiwa kuinuliwa kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni. Ikilazwa chini, maji hujivuta na kuondoka yenyewe hata wakati wa kufua, na mashine hujaza bila kushiba. Lakini mashine nyingi za mapipa mawili, zile za nusu otomatiki zilizoenea majumbani, hazina pampu ya kutolea maji. Maji hutoka kwa kuteremka tu, kwa hiyo mpira wake lazima ulazwe chini. Ukiuning'iniza kwenye ukingo wa sinki kama alivyofanya jirani mwenye mashine ya mlango wa mbele, maji hayatapanda, na hakuna fundi atakayeyapandisha. Kitabu cha maelekezo kilichokuja na mashine ndicho chenye neno la mwisho kuhusu mashine yako.

Mpira ukiwa salama, nenda kwenye chujio. Kwa mashine nyingi za mlango wa mbele liko chini upande wa mbele, nyuma ya kijifuniko kidogo. Weka beseni bapa na matambara, kwa kuwa ndani huweza kuwa na ndoo nzima ya maji au zaidi. Kama kuna kimpira chembamba pembeni ya chujio, kichomoe kizibo chake na uyatoe maji kidogo kidogo. Kisha legeza chujio taratibu kwa kulizungusha kinyume na mwendo wa saa, na usilitoe lote kwa mara moja. Utakachokuta humo ni orodha ya mifuko ya familia: sarafu, pini, vibanio vya nywele, kifungo, soksi ya mtoto, waya wa sidiria. Safisha, kisha mulika tochi ndani ya tundu. Utaona kigurudumu chenye mapanga madogo. Kizungushe kwa kidole huku plagi ikiwa imechomolewa. Kikizunguka kwa kushtukashtuka ni sawa, ni sumaku iliyomo ndani inayokivuta. Kisipozunguka kabisa, tafuta uzi au nywele zilizojisokota kwenye shina lake. Rudisha chujio na ulikaze vizuri.

Kuna chanzo kingine ambacho mafundi wachache hukitaja, labda kwa sababu hakina kipuri cha kuuzwa, nacho ni povu. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono imetengenezwa itoe povu jingi, maana sisi tumezoea kulipima pendo la sabuni kwa povu lake. Ndani ya mashine ya mlango wa mbele povu hilo hujaa, pampu ikavuta hewa badala ya maji, na mashine ikasimama. Acha povu litulie, toa maji kwa kimpira kile kidogo, kisha endesha hatua ya kusuuza bila sabuni. Safari ijayo nunua sabuni iliyoandikwa kuwa ni ya mashine ya otomatiki, na upime kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Jambo moja nalikataza bila kusitasita: usimwage dawa ya kuzibua mabomba ndani ya mashine. Maji yakiwa hayatoki, dawa hiyo kali itabaki humo, itakula mipira, na mtu wa kwanza kufungua chujio, awe wewe au fundi, ataipokea mikononi na pengine machoni.

Umefanya yote hayo na maji bado yamesimama? Sasa mwite fundi, lakini kwanza itafute risiti. Ikiwa dhamana, au waranti kama wauzaji wanavyoiita, haijaisha, usimruhusu fundi wa mtaani kufungua hata skrubu moja ya nyuma, mpelekee aliyekuuzia. Kusafisha chujio ni kazi ya mtumiaji, nayo kwa kawaida imeelezwa katika kitabu cha maelekezo, hivyo asiyetaka kutimiza dhamana asiitumie kama kisingizio. Na ikiwa mashine ilikuwa mbovu tangu dukani, lile bango la “bidhaa ikishauzwa hairudishwi” halimalizi mazungumzo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaweka masharti ambayo hayahitaji kuandikwa kwenye risiti, likiwemo la bidhaa kufaa kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji.

Kwa fundi wa kulipwa, elewaneni mambo matatu kabla ya kazi: ujira wa kuchunguza tu, bei ya kipuri, na muda atakaoisimamia kazi yake. Yaandikwe, hata kama ni kwa ujumbe wa simu. Akisema pampu imeungua, mwombe akuonyeshe alivyoipima. Fundi anayeijua kazi yake hachukizwi na ombi hilo, na wengi hufurahi kulieleza. Akibadilisha, akuachie ile ya zamani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na kumwambia mtu kwamba anahitaji kipuri asichokihitaji ni upotoshaji. Lakini lalamiko hilo huhitaji vithibitisho: risiti, ujumbe wa makubaliano, picha ya kioo chenye herufi, na pampu iliyotolewa. Ukivileta ofisini, tunapata pa kuanzia.

Na kabla hujamlipa, iendeshe mashine tupu, bila nguo, ijaze, isuuze na imwage maji yote, fundi akiwa bado amesimama hapo na mashine ikiwa imerudishwa mahali pake ukutani, si katikati ya chumba ambako mpira wake umenyooka.