Dawa za ADHD na Moyo wa Mtoto: Hoja ya Kupima Presha Miaka Yote ya Matibabu

Mzazi ambaye mwanawe ameandikiwa methilifenideti kwa ajili ya ADHD, yaani tatizo la kukosa umakini na utulivu, huuliza kwanza kama dawa hiyo inaweza kuusimamisha moyo ghafla. Swali hilo limejibiwa vizuri. Mwaka 2011 William Cooper na wenzake walichapisha uchunguzi wa Marekani uliohusu watoto na vijana zaidi ya 1,200,000 wa miaka 2 hadi 24. Vifo vya ghafla vya moyo, mishtuko ya moyo na viharusi vilikuwa 81 kwa jumla, na dawa haikuonekana kuviongeza. Hata hivyo, walifuatiliwa kwa wastani wa miaka miwili hivi, ilhali wako wanaoanza dawa wakiwa darasa la pili na kuendelea nayo hadi chuoni. Hofu yetu, kwa maoni yangu, imekaa kwenye hatari iliyo adimu, na ile inayojijenga polepole tumeiacha.

Dawa hizi huchelewesha kuondolewa kwa dopamini na noradrenalini kwenye ubongo. Mtoto hutulia na kusikiliza, lakini noradrenalini hiyohiyo huharakisha mapigo ya moyo na kubana mishipa. Kwa kawaida presha hupanda kidogo tu, kiasi kisichomsumbua mtoto wala kumshtua daktari. Tatizo ni miaka. Novemba 2023 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Uswidi, walitoa matokeo kuhusu watu 278,027 wa miaka 6 hadi 64: waliotumia dawa zaidi ya miaka 5 walikuwa na uwezekano uliozidi kwa asilimia 23 wa kupata ugonjwa wa moyo na mishipa, wakilinganishwa na wasiotumia. Kilichoongezeka hasa ni shinikizo la juu la damu na magonjwa ya ateri.

Wapo watakaosema ADHD yenyewe huambatana na sigara na unene, hivyo dawa inasingiziwa. Lakini Waswidi walilinganisha wenye ADHD wao kwa wao. Linabaki shaka moja la haki: huenda waliotumia muda mrefu ndio waliokuwa na hali kali zaidi. Wengine watataka watoto wanyimwe dawa, na hilo silikubali hata kidogo. Nyongeza ya asilimia 23 juu ya hatari ndogo bado ni hatari ndogo, na uchunguzi mwingine wa Uswidi, wa 2024, ulionyesha vifo vichache zaidi kwa walioanza dawa, hasa vile visivyotokana na maradhi.

Tiba iendelee, basi, na presha ipimwe: kabla ya kuanza, kila dozi inapobadilishwa, na kila miezi 6, kama mwongozo wa Uingereza unavyotaka. Mkanda wa kipimo ulingane na mkono wa mtoto, kwa kuwa ule wa mtu mzima kwenye mkono mwembamba husoma presha chini ya ilivyo, na tatizo likaandikwa kuwa afya. Kila mwaka daktari na mzazi wakae waulizane kama dawa bado inahitajika. Naomba kila kliniki inayoandika dawa hizi iwe na mkanda wa watoto, na kila mzazi adai usomaji huo uandikwe kwenye kadi ya mwanawe.